Mtaji mdogo wa poka mtandaoni unapoyeyuka: dalili, sababu na la kufanya

Malalamiko ya wachezaji wa mashindano ya poka ya viingilio vidogo yanafanana mno. Tovuti imepangwa. Karata hazinipendi. Juzi nilikuwa na dola hamsini, leo zimebaki tatu. Nimeyapanga hapa kwa dalili, kwa maneno ya walalamikaji wenyewe, na chini ya kila dalili sababu zinaanza na ile inayokutwa mara nyingi zaidi. Nyingi huonekana kwenye hesabu ya viingilio kabla hazijaonekana kwenye uchezaji, kwa hiyo anza na hesabu hata kama unaapa kwamba tatizo lako ni karata.

Neno mtaji hapa lina maana ya pesa uliyotenga kwa mchezo, ambayo ikipotea yote leo jioni hakuna mtu nyumbani atakayeulizia. Kama iliyomo kwenye akaunti ni kodi ya nyumba, ada ya mtoto au mkopo wa simu, ruka moja kwa moja hadi dalili ya mwisho.

"Mtaji unakwisha ndani ya wiki"

Sababu ya walio wengi ni kwamba kiingilio ni kizito kuliko mtaji. Kukagua ni kazi ya dakika moja: chukua salio la mwanzo wa wiki, ligawe kwa kiingilio chako cha kawaida. Mwenye dola 40 anayecheza mashindano ya dola 5.50 ana viingilio saba tu. Saba huisha kwa jioni mbili hata kwa mchezaji mzuri.

Meza moja ya watu tisa, inayoanza ikijaa na kulipa watatu, inavumilika ukiwa na viingilio 40 hadi 50. Mashindano ya watu mia moja au mia mbili yanataka 100. Yale ya maelfu ya watu, ambayo ndiyo yanavutia kwa sababu zawadi ya kwanza inang'aa, yanataka 200 na zaidi, maana utalipwa mara chache na kufika juu kabisa mara chache mno. Mwenye mshahara anayetenga kiasi kilekile cha burudani kila mwezi anaweza kushusha hesabu hizi kidogo, kwa kuwa mtaji wake unajazwa. Asiye na pa kuujaza asizishushe.

Wengi hurejea kanuni za Chris Ferguson, bingwa wa dunia wa mwaka 2000. Mwaka 2006 alianza kwenye tovuti ya Full Tilt Poker bila senti, kwa mashindano ya bure, na mwaka uliofuata akafikisha dola 10,000. Alijiwekea mipaka: asilimia 5 ya mtaji kwa meza ya pesa (ambapo chipu ni pesa taslimu na unaondoka muda wowote) au shindano la meza moja, asilimia 2 kwa mashindano ya meza nyingi, na ruhusa ya kuingia shindano lolote la dola 1 au pungufu. Kwa dola 40, asilimia 2 ni senti 80. Hiyo ruhusa ya dola moja ndiyo inayotajwa sana, na ndiyo ninayoitilia shaka kwa mwenye dola 15: akiitumia kila siku atafilisika kwa kufuata kanuni. Senti 25 na senti 55 zipo, na wachezaji wake si wagumu.

Sababu ya pili ni kuingia tena, yaani kulipa kiingilio upya baada ya kutolewa. Mtu akiulizwa anacheza mashindano ya bei gani husema "dola moja". Sasa tazama jioni yake, mtaji ukiwa dola 40:

Mashindano sita ya 1.10: dola 6.60
Kuingia tena mara nne: dola 4.40
Shindano moja la 5.50 saa saba usiku, "la kurudisha": dola 5.50
Jumla: dola 16.50

Hiyo ni zaidi ya asilimia 41 ya mtaji kwa usiku mmoja, na mwenyewe anajijua kuwa mtu wa dola moja. Tiba ni kuhesabu shindano lenye kuingia tena kuwa na bei mara mbili. Kama mtaji haubebi 2.20, shindano la 1.10 lenye kuingia tena liingie mara moja tu, ukitoka umetoka. Au tafuta yale yasiyoruhusu kabisa. Orodha ya mashindano ina kichujio cha kuyatenga.

Ya tatu ni michezo ya pembeni. Programu nyingi za poka zina kitufe cha kasino kwenye ukurasa uleule, na zile meza za watu watatu ambapo gurudumu la bahati linaamua zawadi kabla karata hazijagawiwa. Soma historia ya miamala na jumlisha kila aina ya mchezo peke yake. Ukikuta mashindano yamekupotezea dola 3 na gurudumu dola 20, basi tatizo lako halihusiani na mashindano. Tovuti nyingi zitakufungia sehemu ya kasino ukiomba huduma kwa wateja.

Ya nne ni gharama ya njiani. Shilingi inageuzwa dola kwenye kadi au pochi ya mtandaoni, kisha wakati wa kutoa inageuzwa tena. Linganisha kiasi kilichokatwa kwenye simu na kilichofika kwenye akaunti. Anayeweka dola 5 kila baada ya siku mbili hulipa makato mengi kuliko anayeweka 20 mara moja kwa mwezi, na yule wa kwanza kwa kawaida hajui jumla aliyoweka.

Ya mwisho, na haitokei mara nyingi lakini inauma: umeme au bando. Ukikatika katikati ya shindano, mfumo unaendelea kukukata blaindi, yaani dau la lazima la kila mzunguko, na kutupa karata zako mpaka chipu ziishe. Kabla ya kujiandikisha angalia uniti za LUKU, bando, na chaji ya simu itakayobeba intaneti. Shindano la watu elfu mbili linaweza kuchukua saa sita au saba.

"Mashindano ishirini, sijalipwa hata moja"

Kwanza hesabu, halafu hasira. Mashindano mengi hulipa takribani asilimia 15 ya walioingia. Mchezaji wa kawaida kabisa, anayelipwa mara 15 kati ya 100, ana uwezekano wa asilimia 20 hivi wa kukosa mara kumi mfululizo kuanzia leo, na karibu asilimia 4 wa kukosa ishirini. Asilimia 4 inasikika ndogo, ila anayecheza mashindano 200 ategemee kwamba mahali fulani humo ndani kutakuwa na ukame wa karibu ishirini. Kwa hiyo ishirini bila malipo, peke yake, haionyeshi ubovu wowote.

"Tovuti imepangwa, kila nikiwa na A mbili napigwa." A mbili, jozi kubwa kuliko zote, dhidi ya K mbili hushindwa takribani mara moja kati ya tano. Sasa ili ufike meza ya mwisho lazima chipu zako zote ziwe hatarini mara kadhaa. Ukiwa mbele kwa asilimia 80 kila mara, mara nne mfululizo, uwezekano wa kuzivuka zote ni asilimia 41. Yaani hata ukipewa bahati hiyo isiyo ya kawaida, zaidi ya nusu ya safari zako zitaishia njiani, na utakumbuka zile A mbili tu.

Ukame ukizidi thelathini na tano au arobaini, kagua uchezaji. Fungua kumbukumbu za mikono (mkono ni mgao mmoja wa karata) na uchukue mkono wa mwisho wa kila shindano kati ya kumi ya karibuni. Jibu maswali matatu kwa kila mmoja: ulibaki na blaindi ngapi (chipu zako ukizigawa kwa blaindi kubwa ya wakati huo), nani aliweka chipu zote kwanza, na ulikuwa na karata gani. Majibu hujipanga yenyewe.

Ukitoka ukiwa na blaindi 12, wewe ndiye uliyeweka kwanza, una A na K, na mwenzako ana jozi ya Q, hapo hakuna cha kutengeneza. Karata hizo zinakaribia nusu kwa nusu, jozi ikiwa mbele kidogo. Ukitoka mara sita kati ya kumi kwa kumfuata mtu aliyeweka zote huku una A na 6, umepata ugonjwa wako: unafuata sana, unashambulia kidogo. Anayeweka kwanza hushinda kwa njia mbili, ama wengine watupe karata, ama karata zake zisimame. Anayefuata ana njia moja. Na ukiona unatoka ukiwa na blaindi 3 au 4, ulisubiri mno. Chini ya blaindi 10 usiingie mkono kwa kulipa blaindi tu ili "uone flopu", zile karata tatu za kwanza za pamoja mezani. Weka zote au tupa.

Kuna sababu nyingine huku Afrika Mashariki ambayo watu hawaihesabu: saa. Mashindano makubwa yamepangwa kwa jioni ya Ulaya. Linaloanza saa moja jioni London, majira ya baridi, kwetu ni saa nne usiku, na meza ya mwisho inaundwa alfajiri wakati wewe kesho una kazi. Maamuzi ya bei kubwa zaidi ya usiku mzima yanafanywa na mtu anayesinzia. Hamia mashindano ya mchana au meza za watu tisa, hata kama zawadi ni ndogo.

"Nalipwa mara kwa mara lakini salio haliongezeki"

Hii huwachanganya hata wachezaji makini. Tuseme umecheza mashindano 100 ya 1.10, umelipa dola 110. Umelipwa mara 18, idadi nzuri tu, lakini zote ni malipo ya chini ya karibu dola 2. Umepata 36. Umebaki na hasara ya dola 74, huku ukiamini kwamba unacheza vizuri kwa sababu jina lako linaonekana kwenye orodha ya waliolipwa.

Zawadi za mashindano zimerundikwa juu, nafasi tatu za kwanza zikibeba fungu kubwa. Sababu inayoongoza basi ni kujikunyata karibu na mstari wa malipo: watu 160 wamebaki, wanalipwa 150, na wewe unatupa kila kitu mpaka chipu zako zinabaki kiduchu. Unalipwa, kisha unatoka baada ya dakika tano. Angalia kwenye historia ulimaliza nafasi ya ngapi katika yale uliyolipwa. Zikiwa zote ni 130, 142, 148, ndiyo hiyo. Dawa ni kushambulia blaindi za wenye chipu za kati wakati huo, maana nao wanaogopa kama wewe. Wenye lundo kubwa waachie.

Inayofuata ni ada. Kwenye 1.10, senti 10 ni ya tovuti, na huirudishiwi hata ukishinda. Kwa hiyo lazima uwashinde wenzako kwa asilimia 10 ya kilichoingia kwenye zawadi ndipo uanze kusimama sawa. Mashindano ya turbo kali, ambayo blaindi zinapanda kila dakika tatu, yanakunyima muda wa kutumia ujuzi wako dhidi ya wazembe. Kujiandikisha dakika za mwisho kuna athari hiyohiyo. Unaokoa muda, unaingia na blaindi 15 au 20.

Katika mashindano ya vichwa, ambapo unalipwa kwa kila unayemtoa, jumlisha pesa ya vichwa kando. Kwa kawaida nusu ya mfuko wa zawadi imehamia huko, ndiyo maana malipo ya nafasi yanaonekana hafifu. Kuwa mpole kwenye mashindano hayo ni kuacha nusu ya mfuko mezani.

"Nikipoteza, napanda daraja"

Yaani unahamia viingilio vikubwa zaidi. Hapa sababu ni moja, zinazobaki ni visingizio. Umechemka kwa hasira ya kupoteza. Sheria unayoandika ukiwa umetulia haina nguvu saa saba usiku, kwa hiyo weka kitu kisichohitaji nia yako: ukomo wa kuweka pesa kwa siku na kwa wiki, ndani ya mipangilio ya akaunti. Kwenye tovuti zenye leseni za kueleweka, kushusha ukomo hufanya kazi papo hapo na kuupandisha hukutaka usubiri. Huo muda wa kusubiri ndio dawa yenyewe. Ondoa pia kadi iliyohifadhiwa kwenye akaunti.

Jiandikishe mashindano yote ya jioni mwanzoni, kisha usirudi kwenye orodha. Ukiona umewahi kuongeza shindano baada ya saa sita usiku zaidi ya mara moja wiki hii, soma dalili ya mwisho kabla hujacheza tena.

"Nilishinda kubwa, mwezi haujaisha zimekwisha"

Mwenye dola 40 ameshinda shindano la 1.10 na kupata 300. Sasa ana 340 na anajiona mtu wa dola 11, daraja ambalo mtaji wake mpya unalibeba karibu mara 31 tu. Kwa kipimo cha viingilio 100, daraja lake ni 3.30. Akitoa 120 apeleke nyumbani, jambo ninalolipenda zaidi, zinabaki 220 na daraja ni 2.20. Si lazima apande siku hiyohiyo. Mashindano yaliyompa ushindi bado yapo palepale.

Kupanda kuwe na mlango wa kurudi. Mtaji ukishuka hadi viingilio 70 vya daraja jipya, rudi chini bila mjadala. Wengi wana kanuni ya kupanda na hawana ya kushuka.

Sababu ndogo inayofanana nayo ni satelaiti, yaani shindano dogo ambalo zawadi yake ni tiketi ya kuingia shindano kubwa. Mwaka 2003 Chris Moneymaker aliingia satelaiti ya dola 86 mtandaoni, akapata tiketi ya mashindano ya dunia Las Vegas, akashinda shindano hilo la watu 839, na kuondoka na dola milioni 2.5. Hadithi hiyo ni ya kweli na imeua mitaji mingi. Tiketi ya dola 22 kwenye mtaji wa dola 60 si pesa kama tovuti haikuruhusu kuibadilisha. Soma masharti kwanza.

"Pesa haitoki"

Mara nyingi ni jina. Laini ya simu imesajiliwa kwa jina la kaka, pochi ya mtandaoni kwa jina lako, kitambulisho kina majina matatu na akaunti ina mawili. Rekebisha haya kabla ya kushinda: majina yafanane herufi kwa herufi, na peleka kitambulisho siku ya kufungua akaunti. Ndugu wawili kwenye nyumba moja na kompyuta moja waulize huduma kwa wateja mapema, kwa maandishi, la sivyo mfumo unaweza kuwahesabu mtu mmoja mwenye akaunti mbili.

Kisha bonasi: pesa ya zawadi ya kujiunga huwa na masharti ya kiasi cha kuchezwa kabla ya kutoa. Kisha VPN; ukiitumia kuficha nchi uliyopo, unaipa tovuti sababu ya kushikilia kila kitu. Umri nao unakaguliwa, na sheria za nchi hazifanani: Tanzania na Kenya ni miaka 18, Uganda ni 25.

Adimu zaidi, na mbaya kuliko zote, ni tovuti isiyo na pesa. Tarehe 15 Aprili 2011 mamlaka za Marekani zilizifungia tovuti kubwa za poka, na baadaye ikafahamika kwamba Full Tilt ilidaiwa na wachezaji karibu dola milioni 390 huku benki ikiwa na milioni 60 hivi. Ferguson, yule wa kanuni nzuri za mtaji, alikuwa mmoja wa wakurugenzi wake. Wachezaji wa nje ya Marekani walianza kupata pesa zao Novemba 2012, baada ya PokerStars, tovuti nyingine kubwa ya poka, kuinunua kampuni. Kwa hiyo mtaji wako wote usikae mahali pamoja, na jaribu kutoa kiasi kidogo mapema ili uone njia inafanya kazi.

ACHA HAPA ukiambiwa ulipe "kodi" au "ada ya kufungulia" kwanza ndipo pesa yako itoke. Huo ni utapeli, usiongeze hata senti. Hifadhi picha za mazungumzo na risiti, toa taarifa polisi na kwa mtoa huduma wa pesa ulizotumia. Bodi ya Michezo ya Kubahatisha ya Tanzania inashughulikia wenye leseni yake. Tovuti ya nje isiyo nayo, malalamiko yaende kwa mamlaka iliyoipa leseni, kama ipo.

"Nimeapa kuacha mara tatu, nimerudi"

Hakuna hesabu ya mtaji itakayotibu hili. Alama zake: unacheza kwa pesa ya kukopa, unamficha mwenzako kiasi ulichopoteza, unauza kitu ili urudishe, unakosa usingizi ukipanga jinsi ya kulipiza. Mbili kati ya hizo zinatosha kuacha kucheza leo. Shirika la Afya Duniani limeuorodhesha uraibu wa kamari kuwa ugonjwa, kwenye orodha iliyoanza kutumika mwaka 2022, na unatibika kwa ushauri wa kitaalamu.

Omba tovuti ikufungie akaunti kwa muda mrefu kabisa inaoruhusu, kisha zile nyingine ulizowahi kufungua. Futa programu. Mtu unayemwamini ashike kadi na namba ya siri ya pochi, na umwambie kiasi kamili, si nusu yake. Nenda kitengo cha afya ya akili cha hospitali ya rufaa ya mkoa au kaunti yako. Mirembe iko Dodoma, Mathari Nairobi, Butabika Kampala. Ukiingia sema ni kamari, usiseme "msongo wa mawazo". Kama mawazo ya kujidhuru yameanza, usisubiri siku ya kliniki: nenda sehemu ya dharura ya hospitali yoyote usiku huohuo, na usiende peke yako.